Imamu Ghazali, mwanafunzi aliyeporwa madaftari



Mzazi anapomsindikiza kijana wake kwenda chuoni humkabidhi nauli, godoro na nasaha. Baba yake Imamu Abu Hamid al-Ghazali hakuwahi hata hayo. Alikuwa maskini wa mji wa Tus, katika Khurasani, sehemu ambayo leo imo nchini Iran, akisokota sufu na kuiuza. Mauti yalipomkaribia alimuusia rafiki yake mchamungu awasomeshe wanawe wawili, Muhammad, ambaye ndiye Imamu mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 450 Hijria (1058 Miladia), na nduguye Ahmad. Akiba aliyoiacha ilikuwa ndogo, ikaisha. Mlezi naye hakuwa na kitu, akawashauri wajiunge na madrasa ambako wanafunzi hupewa chakula. Basi wakaenda. Baadaye Imamu alikiri bila kificho kwamba waliifuata elimu kwa ajili ya tumbo, lakini elimu yenyewe ikakataa isipokuwa iwe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Kijana huyo alisafiri hadi Jurjan kusoma fiqhi, akaandika kila alichofundishwa. Akiwa njiani kurejea Tus, wanyang'anyi waliuvamia msafara wakachukua kila kitu. Ghazali akawafuata. Mkuu wao akamwonya kwamba atauawa asiporudi, naye akamsihi amrudishie mkoba wa madaftari tu, kwa kuwa hayawafai kitu wao, na yeye ameyahangaikia safari nzima. Mkuu yule akacheka. Akamuuliza vipi anadai kuwa na elimu ambayo mwizi ameichukua, naye akabaki mtupu. Kisha akaamuru arudishiwe mkoba wake.

Sisi tuliopita madrasani na kisha chuo kikuu kisa hiki kinatuchoma, kwani ni wangapi miongoni mwetu ambao elimu yao ilibaki katika madaftari, mtihani ukapita, nayo ikapita! Ghazali aliyapokea maneno ya mnyang'anyi kana kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyemtamkisha. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika.

Kisha akaenda Nishapur kwa Imamu al-Haramayn al-Juwayni, akawa naye hadi sheikh alipofariki mwaka 478 (1085).

Uporaji haukuwa mtihani wake pekee. Katika kitabu chake al-Munqidh mina dh-Dhalal, alichokiandika akiwa amevuka miaka hamsini, ameeleza kwamba kabla hajafikia ishirini alikwisha kuona watoto wa Kinasara wakikua katika Unasara, wa Kiyahudi katika Uyahudi, na wa Kiislamu katika Uislamu. Akataka kujua lipi analijua kwa yakini, na lipi amelirithi tu kwa wazazi na walimu. Wazazi wengi wakisikia swali hili kwa mtoto wao hushtuka wakadhani chuo kimempoteza. Yeye lilimfikisha mahali pa kutilia shaka hata macho na akili yake, kwa karibu miezi miwili, mpaka Mwenyezi Mungu alipomponya kwa nuru aliyoitia kifuani mwake.

Mwaka 484 (1091), akiwa na miaka thelathini na mitatu hivi, aliteuliwa kufundisha Nidhamiyya ya Baghdad, akawa na wanafunzi mia tatu. Hapo ndipo alipoichunguza nia yake akakuta inataka cheo na sifa. Mwaka 488 (1095) alivutana na nafsi yake kwa miezi sita, ulimi ukafungika hata akashindwa kusomesha, na chakula kikawa hakipiti. Matabibu walikata tamaa. Akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatoka kwenda Sham, Baitul Muqaddas na Makka.

Zaidi ya miaka kumi baadaye alirudi kufundisha Nishapur, kisha akahamia Tus. Jirani ya nyumba yake akaweka madrasa ya wanafunzi na makazi ya Masufi, na hapo Tus akafariki mwezi wa Jumada al-Akhira mwaka 505 (Desemba 1111). Mwenyezi Mungu amrehemu.