Christopher Strachey, mwalimu wa majina yenye kufanana

Mutu akituambia kwamba amevuka Tanganyika, hapa Kalemie kila mutu anasikia ziwa. Akitaja gavana wa Tanganyika, tunasikia jimbo. Jina ni moja, lakini maneno ya pembeni yanaonyesha ni kitu cha aina gani. Na wavuvi wa Tanganyika je? Hapo lazima uulize.

Katika lugha za kompyuta, mutu aliyelieleza jambo hili vizuri ni Mwingereza Christopher Strachey, aliyezaliwa London mwaka 1916. Baba yake alikuwa mufumbuzi wa maandishi ya siri, mama yake alipigania wanawake wapige kura. Yeye mwenyewe aliugua akili kwa muda akiwa Cambridge, akatoka na diploma isiyo ya kujivunia, kisha akawa mwalimu wa shule. Alikuwa bado anafundisha watoto pale alipoanza kuandikia kompyuta muchezo wa dama. Mwaka 1952 mashine ikacheza.

Mwaka 1967 alitoa masomo Copenhagen. Shida ilikuwa hii: alama ya kujumlisha ni moja, lakini mashine inahifadhi namba kamili kwa namna moja, na namba zenye koma kwa namna ingine. Ukipitisha hizi kwa njia ya zile, jibu ni takataka, na kama ni kipimo cha dawa, hiyo si muchezo tena. Kwa hiyo aina ya vitu vilivyo pande mbili za alama ndiyo inachagua kazi gani ifanywe. Strachey akatenga pia jambo la pili, ambalo watu walikuwa wanalichanganya na lile: kuna kazi moja inayofaa aina zote bila kubadilika. Kuhesabu orodha, iwe ya samaki ao ya majina ya wanafunzi, ni kuhesabu tu.

Ugonjwa wa maini ulimuua mwaka 1975, akiwa na miaka 58. Masomo yake yalikuwa yanapita mukono kwa mukono, na yalichapishwa rasmi mwaka 2000 tu! Lakini mwaka 1989 Philip Wadler na Stephen Blott walikuwa wameshika wazo lake na kulitengenezea njia katika Haskell, lugha yenye kujengwa juu ya fonksioni za hesabu. Humo, jina likibaki na maana mbili, mara nyingi programu inakataliwa mpaka mwandishi aandike aina mwenyewe: ziwa ao jimbo.