Bragg: Kijana aliyefichua siri ya chumvi

WILLIAM Lawrence Bragg alizaliwa Machi 31, 1890, mjini Adelaide, Australia. Mnamo 1912, akiwa Cambridge, Uingereza, alivumbua kanuni inayoeleza jinsi miale ya eksirei inavyorudishwa na safu za atomu ndani ya fuwele.

Mwaka uliofuata aliichunguza chumvi ya kawaida. Wanakemia wengi waliamini kuwa ni jozi za sodiamu na klorini. Bragg alibaini kuwa hamna jozi: kila atomu ya sodiamu imezingirwa na sita za klorini, na kila ya klorini na sita za sodiamu. Mpangilio huo umo pia katika misombo mingine mingi, ikiwemo oksidi ya magnesiamu.

Hata hivyo, wengi walimsifu babake, William Henry, aliyeunda kifaa cha kupimia miale hiyo, jambo lililomchoma moyo kijana huyo. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1915. Habari hizo zilimfikia akiwa vitani, miezi michache tu baada ya nduguye mdogo, Robert, kufa Gallipoli.

Alifariki Julai 1, 1971. Hakuna aliyewahi kutuzwa Nobel ya sayansi akiwa na umri mdogo kuliko wake, miaka 25.