Sheikh Kaluta Amri Abedi: Mshairi wa Ujiji Aliyetaka Sheria Izungumze Kiswahili

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924 na kufariki dunia mjini Bonn, Ujerumani, Oktoba 9, 1964, akiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Katika miaka hiyo 40 alikuwa mhubiri wa dini, mfasiri, mshairi, Meya wa Dar es Salaam, kiongozi wa mkoa na Waziri wa Sheria. Wananchi wengi wa leo wanalifahamu jina lake kwa sababu ya uwanja wa michezo wa Arusha. Huku magharibi, alikozaliwa, alikosoma na aliporudi kutumikia, habari zake husimuliwa zaidi na wazee.

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikapumzika Tabora na kuvuka mto Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika. Kwa njia hiyo walipita wapagazi wa Kinyamwezi wakiwa na pembe za ndovu na vitambaa, na walipita watumwa waliotolewa Manyema, ng'ambo ya ziwa. Kwa njia hiyohiyo vilipita Uislamu na lugha ya Kiswahili. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ilikoma na bandari ya Ujiji ikapoteza kazi yake kwa jirani yake Kigoma. Lugha na dini hazikuondoka. Mtoto aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924 alikikuta Kiswahili kikiwa lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya chuoni alikofundishwa Kurani, ingawa pwani ilikuwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka alipo.

Kutoka Ujiji, Amri alikwenda kusoma katika Shule ya Serikali ya Tabora. Utawala wa Kiingereza uliianzisha miaka ya 1920 ukiwalenga hasa watoto wa machifu, ili wawe watumishi wa utawala wa baadaye. Baadaye milango yake ilifunguliwa kwa vijana wengine waliofaulu vizuri. Julius Nyerere, aliyemzidi Amri umri kwa miaka miwili, aliingia katika shule hiyo mwaka 1937. Kijana aliyetoka Tabora zama hizo alikuwa na uhakika wa kupata ukarani, ualimu au kazi nyingine yenye mshahara na heshima mbele ya watu.

Amri alipata jambo jingine Tabora, ambalo lilibadili maisha yake kuliko masomo ya darasani. Mwaka 1934 alikuwa amewasili Afrika Mashariki mhubiri kutoka India, Sheikh Mubarak Ahmad, mjumbe wa Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, ambaye aliifanya Tabora kuwa kituo chake. Jumuiya hiyo ilianzishwa Qadian, katika jimbo la Punjab, mwaka 1889 na Mirza Ghulam Ahmad, ambaye wafuasi wake humkubali kuwa Masihi aliyeahidiwa. Waislamu walio wengi duniani hawakuikubali itikadi hiyo, na masheikh wa Tabora nao waliikataa. Tabora ulikuwa mji wenye wanazuoni wake, wenye tarika ya Kadiria iliyokita mizizi na misikiti iliyojengwa kabla Mwingereza hajafika. Mgeni aliyekuja na mafundisho mapya hakupokewa kwa shangwe. Kulizuka mabishano makali, na waliomfuata walitengwa na ndugu na majirani.

Katika hali hiyo kijana wa Ujiji akajiunga na Ahmadiyya. Msomaji anayejua maisha ya miji yetu ataelewa uzito wa hatua hiyo bila kuelezwa kwa kirefu. Mtu huoa, huzika na huzikwa na watu wa msikiti wake. Anayehamia kwa wachache hupoteza mengi, na Amri, mbali na kuhama, alijitolea kuwa mhubiri wa jumuiya hiyo, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alichagua njia yenye ujira mdogo na lawama nyingi, wakati elimu yake ingemweka mahali salama.

Kazi kubwa iliyomngoja katika jumuiya hiyo ilikuwa ya lugha. Sheikh Mubarak Ahmad alikuwa ameanza kuifasiri Kurani kwa Kiswahili tangu miaka ya 1930. Kabla yake ilikuwapo tafsiri moja tu kamili iliyochapishwa, ya mwaka 1923, nayo iliandikwa na mmisionari wa Kianglikana wa Zanzibar, Canon Godfrey Dale. Kiongozi wa kazi mpya alikuwa Mpunjabi aliyejifunza Kiswahili ukubwani, kwa hiyo alihitaji watu waliozaliwa nacho. Amri alikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Tafsiri hiyo ilichapishwa Nairobi mwaka 1953, ikiwa na matini ya Kiarabu na maelezo marefu. Wanazuoni wa Kisunni waliyapinga maelezo yake, na upinzani huo ulichangia kuzaliwa kwa tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969 na kuenea sana hadi leo. Hapa si mahali pa kuamua ugomvi wa masheikh. Linalohusu makala haya ni kwamba mtu aliyekaa miaka mingi akitafuta neno la Kiswahili linalotosha kubeba maana ya neno la Kiarabu alipata mazoezi ambayo yangemfaa baadaye katika jambo lisilo la dini kabisa.

Mwaka mmoja baada ya tafsiri hiyo, 1954, kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sehemu ya kwanza ni mafunzo, ya pili ni mashairi yake mwenyewe. Washairi wa Kiswahili walikuwa wamerithi kanuni za utungaji kwa kusikia na kuiga, na magazeti kama Mambo Leo, lililotolewa na serikali tangu mwaka 1923, yalikuwa uwanja wao wa kujibizana. Amri aliziandika kanuni hizo zikasomeka na kufundishika: mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari, vina vya kati na vya mwisho, urari wa beti, na kituo kinachofunga ubeti. Kwake utungo usio na vina na mizani haukustahili kuitwa shairi. Miaka ya 1970, vijana wa vyuo vikuu, Euphrase Kezilahabi akiwa mbele yao, walipoanza kuandika mashairi huru, kitabu cha Amri kilikuwa ngome ya waliowapinga. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba msimamo wake ulikuwa mkali kupita mahitaji. Hata hivyo, hao waliouvunja ukuta huo walipata cha kuvunja kwa sababu yupo aliyeujenga kwa mpangilio.

Ladha yake ya sheria katika shairi haikuwa jambo la pekee. Washairi wengi wa kizazi chake walikuwa watumishi wa umma walioishi na kanuni na mafaili mchana, kisha wakatunga usiku. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na Mathias Mnyampala alifanya kazi za uliwali na uhakimu.

Katikati ya miaka ya 1950 Amri alikwenda Rabwah, Pakistan, kusomea elimu ya dini, akarejea Tanganyika wakati TANU, iliyoanzishwa Julai 7, 1954, imekwisha kuenea nchini. Mji wa Tabora ulikuwa na nafasi yake katika historia hiyo, kwa kuwa hapo ndipo Mkutano Mkuu wa TANU wa Januari 1958 ulipoamua chama kishiriki uchaguzi wenye masharti ya kura tatu. Amri aliingia katika siasa za TANU. Mwaka 1960 akawa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo, katika mji uliozoea kuongozwa na wageni.

Uteuzi huo una jambo la kutazamwa. Waislamu wa Dar es Salaam walikuwa wengi na Waahmadiyya walikuwa wachache mno. Mtu aliyeonekana na wengi wa waumini wenzake kuwa amepotoka alikabidhiwa uongozi wa mji wao. TANU ilijiwekea kanuni kwamba chama hakina dini ingawa wanachama wake wanazo, lakini kanuni ya namna hiyo hupimwa pale inapomhusu mtu asiyependwa na walio wengi. Amri hakuificha imani yake wala hakuvua jina la Sheikh alipoingia ofisini. Kilichowakutanisha yeye na wananchi hao kilikuwa Kiswahili chake, ambacho hata wapinzani wake katika dini hawakukitilia shaka.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, Serikali ilipoweka viongozi wa kisiasa mahali pa maofisa wa kikoloni mikoani, Amri alirudi nyumbani kuongoza Mkoa wa Magharibi, uliozikusanya pamoja Tabora na Kigoma za leo. Njia nzima ya misafara kutoka Unyamwezi hadi ziwani ikawa chini ya mtu aliyezaliwa kwenye ncha yake. Hakukaa muda mrefu. Mwaka 1963 Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, mtu mwingine wa Tabora, alijiuzulu nafasi ya Waziri wa Sheria, na Amri akaishika.

Wizara hiyo ilikuwa na kazi iliyowagusa wananchi moja kwa moja. Mkoloni aliacha mifumo miwili ya haki. Ya kwanza ilikuwa mahakama za wenyeji, zilizokuwa chini ya utawala, ambako wananchi walio wengi walipeleka kesi zao. Ya pili ilikuwa mahakama za mahakimu na Mahakama Kuu, zenye mawakili, kanuni za Uingereza na lugha ya Kiingereza. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964, iliunganisha mifumo hiyo kuwa mmoja: mahakama za mwanzo chini, juu yake mahakama za wilaya, na Mahakama Kuu juu ya zote. Machifu walikuwa wamekwisha kuondolewa madaraka yao ya kiserikali. Kuanzia hapo mkulima wa Sikonge na mfanyabiashara wa Dar es Salaam walisimama, angalau kwenye maandishi, mbele ya ngazi moja ya haki.

Lugha ilibaki kuwa tatizo. Katika mahakama za mwanzo Kiswahili kilitosha, lakini rufaa ilipopanda juu kesi iliingia katika Kiingereza, na mwenye kesi akawa msikilizaji wa mambo yake mwenyewe kupitia mkalimani. Waziri aliliona hilo kama mshairi na kama mfasiri. Aliiunga mkono kazi ya kukusanya na kusanifu istilahi za sheria kwa Kiswahili, ambayo walimu wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961, walishiriki. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Kiswahili kilikuwa na maneno ya kale yenye asili ya Kiarabu, kama hakimu, wakili, dhamana, rufaa na hukumu, lakini kwa dhana nyingi za sheria za Kiingereza lilihitajika neno ambalo mwananchi angelielewa na jaji asingelitilia shaka. Aliyewahi kufasiri kitabu kitakatifu alijua gharama ya neno lililokaa upande.

Hakuishi kuiona kazi hiyo ikikamilika, na haikukamilika upesi. Sheria ziliendelea kutungwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi. Mwaka 2021 ndipo Bunge lilipofanya marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya shughuli za mahakama. Kati ya uwaziri wa Amri na marekebisho hayo ipo miaka 58, na katika miaka hiyo watu wengi wa Tabora, Nzega na Kasulu walisikia hukumu zao kwa lugha wasiyoijua.

Baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964, alikuwa katika Baraza la Mawaziri la Jamhuri mpya akiwa na dhamana ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Wizara hiyo ilimfaa kuliko zote. Ulikuwa mwaka ambao Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili kilianzishwa Dar es Salaam, Rais mwenyewe akiwa ametoa mwaka uliotangulia tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na Serikali ikiitaka lugha ya taifa iwe lugha ya kazi. Amri alipata miezi michache tu. Aliugua, akapelekwa Ujerumani kwa matibabu, na Oktoba 9 akafariki huko. Mwili wake ulirudishwa na kuzikwa Dar es Salaam.

Jamii aliyoihubiria ingali Tabora, ina msikiti wake mjini, na tofauti zake za itikadi na Waislamu wengine hazijaisha. Kitabu chake cha mwaka 1954 bado kinatajwa katika madarasa ya ushairi, pamoja na wale wanaokipinga. Uwanja wa Arusha huandikwa Amri Abeid, ilhali kwenye jalada la kitabu chake jina ni Amri Abedi, na ndivyo linavyotamkwa Ujiji.