Daktari aliyewaambia wenzake wanawe mikono

Wadau, kuna dogo mmoja mtaani kwetu anasomea udaktari. Juzi tumekaa kijiweni akasema siku akivaa lile koti jeupe hataki nesi yeyote amsahihishe. Nilicheka, ila kichwani akanijia Ignaz Semmelweis.

Jamaa alizaliwa 1818 mjini Buda, Hungaria. 1846 akapata kazi hospitali kuu ya Vienna, upande wa wazazi. Wodi zilikuwa mbili, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Sasa sikia maajabu: kwa madaktari walikufa kinamama karibu 10 katika kila 100 kwa homa ya uzazi, kwa wakunga hawakufika hata 4. Mji mzima ulijua. Wanawake walipiga magoti wakiomba wasipelekwe kwa madaktari, na wengine wakaona heri wajifungulie barabarani.

Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alikatwa kwa bahati mbaya na kisu cha mwanafunzi wakipasua maiti. Akafa, na dalili zake zilikuwa zilezile za wale kinamama. Semmelweis akashtuka. Madaktari walikuwa wanatoka mochwari wanakwenda moja kwa moja kuzalisha! Wakunga hawakupasua maiti. (Habari za vijidudu zilikuwa bado kabisa.)

Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Juni wakafa 2 hivi.

Unadhani walimbeba juu juu? Thubutu! Daktari wa zama hizo alikuwa bwana mkubwa, na kukubali kunawa ni kukubali kwamba mikono yako ndiyo iliyoua. Mwenzao Gustav Michaelis wa kule Kiel alikubali, akakumbuka aliowazalisha, akiwemo binamu yake. 1848 akajiua. Mimi hapo huwa nashindwa kuwacheka wale waliokataa.

Na tuseme ukweli, Semmelweis naye alikuwa mgumu. Kuandika alichelewa, kitabu chake kilitoka 1861, kisha akaanza kuwatumia maprofesa barua za wazi akiwaita wauaji. Mkataba wa Vienna ulikuwa umeshaisha 1849 bila kuongezwa, akarudi kwao Pest, na huko pia aliwanawisha watu mikono na vifo vikapungua.

1865 akili yake ilikuwa imeyumba. Wenzake wakampeleka kwa hila nyumba ya wagonjwa wa akili, hapohapo Vienna. Wiki mbili tu akafa, miaka 47, kidonda kimeoza na sumu imeingia kwenye damu. Mwili wake ukapelekwa kupasuliwa kwenye hospitali ileile aliyoanzia.

Dogo nimemprintia hii, jioni nampelekea kijiweni.