Mzee Adams na Barua Zilizokatazwa



Katika somo la historia tulisikia vita ya Marekani ya 1861, majimbo ya Kaskazini na ya Kusini. Lakini ugomvi ule ulianza zamani kabla ya bunduki, na sehemu yake moja ilikuwa juu ya makaratasi tu. Aliyepigana nayo njo John Quincy Adams.

Alizaliwa tarehe 11 Julai 1767 katika Massachusetts, jimbo la Kaskazini. Baba yake alikuwa Rais wa pili wa inchi ile. Mtoto naye akakuwa balozi, kisha waziri wa mambo ya inchi za kigeni, kisha Rais tangu 1825 mpaka 1829. Tuseme kweli: alipokuwa waziri hakuwatetea watumwa. Aliidai Uingereza ilipe juu ya watumwa waliokimbia pamoja na askari wake katika vita iliyoisha 1815. Serikali ilisikiliza mabwana wa Kusini, naye alifanya kazi ya serikali.

Wengine wakiacha urais wanakaa nyumbani na heshima yao. Yeye, mwaka wa 1831, aliingia Bunge sawa mjumbe wa kawaida, na miaka yake 64.

Hapa tufahamu jambo moja. Katiba ilihesabu watumwa watano sawa watu watatu wakati wa kugawa viti vya Bunge. Basi Kusini ilipata viti zaidi kwa hesabu ya watu wasiopiga kura. Tena wengi waliamini kwamba serikali ya shirikisho haina nguvu ya kugusa utumwa ndani ya majimbo. Lakini Washington, mji mkuu, haukuwa wa jimbo lolote, ulikuwa chini ya Bunge. Njo maana watu wa Kaskazini, na wanawake wengi kati yao, walitia sahihi kwenye barua za maombi (si maombi ya kanisani!) ili Bunge liondoe utumwa pale. Zilifika kwa maelfu.

Mwaka wa 1836 Bunge likapitisha kanuni: kila barua inayotaja utumwa iwekwe pembeni, isisomwe, isichapwe. Adams alipinga, kwa sababu Katiba inampa raia haki ya kupeleka ombi kwa serikali. Akaendelea kuleta barua. Wakimpigia kelele anakaa, kisha anasimama tena na nyingine.

Februari 1837 alimuuliza Spika kama anaweza kuleta barua ya watumwa 22. Wajumbe wa Kusini wakawaka hasira, wengine wakataka afukuzwe. Aliwaacha walalamike kwanza. Nyuma yake akawajulisha kwamba barua ile haikuomba utumwa uishe, kumbe ilipinga usiondolewe! Hasira ikazidi. Mimi nilicheka sana hapa, lakini mwisho wake hauchekeshi: Bunge liliamua kwamba mtumwa hana haki ya kuleta ombi. Hata sisi wa bweni, tukikataliwa jambo, angalau malalamiko yetu yanapokelewa.

Mwaka wa 1841 mzee, na miaka 73, alisimama mbele ya Mahakama Kuu kutetea Waafrika walioibwa pande za Sierra Leone, ambao waliasi ndani ya meli Amistad mwaka wa 1839. Walidaiwa sawa mali. Mahakama ikawaachilia, na 35 wakafika tena Afrika mwaka wa 1842.

Mwaka uleule walijaribu tena kumuhukumu katika Bunge, kwa sababu alileta barua ya watu wa Haverhill walioomba Umoja wa inchi uvunjwe. Yeye mwenyewe hakukubali ombi lao, lakini aliona ni haki yao lisikiwe. Alijitetea karibu majuma mawili, mpaka adui zake wakachoka wakaacha.

Kanuni ile iliondolewa tarehe 3 Desemba 1844, yeye mwenyewe akiwa ameomba.

Tarehe 21 Februari 1848 alianguka kwenye kiti chake Bungeni. Walimbeba mpaka chumba cha Spika, akafa pale tarehe 23, na miaka 80. Katika Bunge lile alikuwako mjumbe mpya wa Illinois, Abraham Lincoln. Yeye njo aliyetia sahihi sheria ya kuondoa utumwa katika mji wa Washington, Aprili 1862.