Mwenda Jean Bosco: gitare moja, masikio mawili

Jioni kwenye Wamaza, mutu akitoka kwenye shimo, akiisha kunawa na kula, anatafuta telefone na ekutere. Hapo ndipo mabishano inaanza. Mumoja anasema ekutere ya bei ndogo haifai kitu. Mwingine anasema muziki muzuri ni ule wenye besi inatikisa kichwa. Wa tatu anasema nyimbo za wazee zilinaswa vibaya, sauti yao imekufa. Leo tunapenda kuwajibu wote watatu kwa maisha ya mutu mumoja: Mwenda Jean Bosco, yule aliyeitwa pia Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, Katanga, mji wa mwami Msiri. Akakua wakati miji ya migodi ilikuwa inajaa watu wa kila kabila, waliokuja kutafuta kazi. Katika kambi za wafanyakazi, gitare ilipata fasi haraka: ni nyepesi, haiombi umeme, na mutu mumoja anatosha. Mwenda aliimba zaidi kwa Kiswahili, lugha ambayo watu wa migodi wote walisikilizana nayo.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimukuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Akamunasa na gitare yake. Hapakuwa stidio kubwa, hapakuwa mitambo ya kupamba sauti. Wimbo mumoja kati ya ile, Masanga, ulipata mwaka ule zawadi ya Osborn ya muziki bora wa Afrika. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikautoa kwenye diski za duru 78 kwa dakika, zile za kuvunjika kama sahani. Diski ile ilifika mbali kuliko mwenyewe.

Wengi waliosikia Masanga waliapa kwamba kuna watu wawili wanapiga. Hapana. Ni gitare moja. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nzito, kidole cha shahada kinacheza juu kwenye nyuzi nyembamba, kila kimoja na njia yake. Mwaka 1961 mchunguzi mumoja wa muziki, David Rycroft, aliandika uchunguzi murefu juu ya upigaji wake wa gitare.

Na hapa tunarudi kwa ekutere. Kuna wenye kusema kwamba ukivaa ekutere ya bei kali, utasikia gitare moja upande wa kushoto na ya pili upande wa kulia. Si kweli. Kazi ile ya 1952 ilinaswa kwa njia moja tu: masikio yote mawili yanapata sauti ileile. Toa ekutere ya sikio moja, hautapoteza hata uzi mumoja wa gitare. Ukiona upande mumoja umenyamaza, kosa si la Mwenda, ni la waya.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kichwa cha waya kisipoingia mpaka mwisho, ao waya ukikatika ndani pale mutu anapoukunja kila siku, mara nyingi telefone inatuma kwa masikio tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kwa wimbo wa leo, sauti ya mwimbaji inakimbia mbali, vyombo vinabaki. Kwa wimbo wa zamani kama Masanga, pande zote mbili ni sawasawa, tofauti hakuna, basi karibu yote inapotea. Ndiyo sababu mutu anasema wazee walinasa vibaya. Mbele ya kulaumu wafu, sukuma kichwa cha waya.

Juu ya bei: kile kimpira cha ekutere kikikaa vizuri na kuziba sikio, besi inarudi yenyewe. Kikilegea, hata ekutere ya dolari mia itapiga kama debe. Na ukiongeza besi kwa nguvu kwenye telefone, kidole gumba cha Mwenda kitameza kile kingine. Tena ekutere hairudishi kitu ambacho kimeisha kupotea: wimbo uliobanwa mara nyingi ili uwe mwepesi wa kutumwa, umekwisha kupungukiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwenda alikwenda Nairobi, akawa na kipindi kwenye radio, na vijana wengi wa Kenya wakajifunza gitare kwa kumusikiliza. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha ya Newport, Marekani. Lakini maisha yake mengi aliyaishi Lubumbashi. Mwaka 1988 alinasa tena nyimbo zake kule Cape Town. Mwezi wa tisa 1990 alikufa katika ajali ya gari, Zambia.

Gitare yake haikupigana na kelele. Watu walisogea karibu, wakanyamaza. Sisi tunafanya kinyume. Mutu anashinda kando ya mashine ya kusaga mawe, anatia ekutere na kuongeza sauti mpaka mwisho, akifikiri amejikinga. Hajajikinga, ameongeza kelele juu ya kelele. Wenye kuchunguza kazi wanahesabu desibeli 85 kuwa kipimo cha saa 8 kwa siku. Kila ukipanda desibeli 3, muda unakatika nusu. Kwenye 100 ni dakika 15 tu, na telefone nyingi zikifunguliwa zote zinafika pale. Ukisikia kengele masikioni usiku, ao watoto wakianza kukuita mara tatu, ni dalili tayari.

Kwenye mashine, vaa kizibo cha masikio. Muziki uungoje nyumbani, kwa sauti ndogo. Waya ukikatika utanunua mwingine sokoni. Sikio likikufa kwa kelele, halirudi tena, na shimoni ndilo linalokuambia kwamba udongo umeanza kulia.