Harriet na Tarumbeta ya Sikio

Jioni ya Forodhani si mahali pa mtu mwenye usikivu hafifu. Mashine za miwa zinakamua, jenereta zinanguruma, vijana wanachupa baharini kutoka ukutani huku watu wakiwashangilia, na wauza mishkaki wanawaita wageni kwa lugha nne. Mashoga zangu wakicheka, na mimi nacheka, ila nachelewa kidogo. Mwaka mzima mashine zangu mbili za masikio zilikaa kabatini bwenini. Mtandio ungezificha zote mbili, hakuna ambaye angejua. Kwa hiyo siwezi hata kusingizia macho ya watu.

Harriet Martineau nilikutana naye darasani, wala si kwa habari ya masikio. Wanaosoma sosholojia wanamjua Auguste Comte. Sasa, mwaka 1853 ni huyu mama aliyeyafupisha maandiko yake marefu ya falsafa na kuyatia katika Kiingereza, juzuu mbili, na Comte mwenyewe akaupenda ufupisho huo kuliko urefu wake. Mhadhiri alimtaja kwa sentensi moja akapita. Nilipomtafuta maktaba ndipo nikajua kwamba alikuwa kiziwi.

Alizaliwa Norwich, Uingereza, mwaka 1802, mtoto wa sita kati ya wanane. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa vitambaa, wa ukoo wa Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Usikivu ulianza kumpungua akiwa na miaka kama 12, na alipofika 20 hali ilikuwa mbaya. Nyumbani hawakumsaidia. Waliona kwamba hasikilizi, si kwamba hasikii, na wakamwambia kosa ni lake. Nadhani wengi wetu tunaijua hiyo. Mwalimu anakuita mara tatu, mara ya nne anakuita jeuri.

Harriet aliwahi kumwona mwanamke kiziwi ambaye kila neno analiuliza, mpaka watu wakamchoka. Akajiapia kwamba yeye hatauliza kamwe nini kimesemwa. Fikiria maisha hayo: umekaa mezani na watu kumi, unasoma nyuso, unatikisa kichwa, hujui kama wanazungumzia msiba au harusi. Aliishi hivyo miaka na miaka. Tarumbeta za sikio zilikuwapo wakati huo. Ni chombo chepesi tu, hakina betri wala waya: mdomo mpana unamwelekea msemaji, ncha nyembamba inaingia sikioni, sauti inakusanywa na kuletwa ndani. Lakini huwezi kukificha. Ukikishika, chumba kizima kimeshajua.

Kilichomsukuma mbele ni ufukara. Baba alifariki mwaka 1826, na mwaka 1829 biashara ya familia ikaanguka. Binti wa hali yake alitarajiwa kwenda kufundisha watoto kwenye nyumba za matajiri, lakini kiziwi nani angemwajiri? Akabaki na sindano na kalamu. Mchana anashona kupata chochote, usiku anaandika. Mwaka 1832 akaanza kutoa hadithi za kueleza uchumi kwa watu wa kawaida, kijitabu kila mwezi, na zikauzika vibaya sana. Akahamia London, kila mkubwa anataka kuzungumza naye. Hapo ndipo tarumbeta ikawa mkononi, miaka thelathini imemfika.

Mwaka 1834 aliwaandikia viziwi wenzake barua ndefu, ikachapishwa gazetini. Ndani yake alikiri kwamba haya ya uongo ilimchelewesha kuchukua tarumbeta, akawasihi wasifanye kama yeye. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Kuna mahali mkali mno, anawadai viziwi uvumilivu mwingi na wenye kusikia hawadai sana, na hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Mwaka huohuo akapanda meli kwenda Marekani, akazunguka karibu miaka miwili: magereza, Bunge, mashamba ya watumwa ya Kusini. Kuna waliosema kiziwi hawezi kuchunguza jamii ya watu. Jibu lake katika kitabu cha 1837 ndilo lililonifanya nifunge kitabu nikae kimya. Aliona kwamba ile tarumbeta ilimpa faida. Mtu akitaka kusema naye lazima amsogelee, aweke mdomo karibu na chombo, azungumze naye peke yake. Na mtu akiwa hivyo husema mambo ambayo hayasemi mbele ya kundi. Wanafunzi wa utafiti, yale mahojiano ya ana kwa ana mnayofundishwa, huyu aliyafanya kwa sababu njia nyingine hakuwa nayo.

Huko Boston mwaka 1835 alisimama kwenye mkutano wa wanawake waliopinga utumwa akatamka wazi kwamba yuko nao, na baada ya hapo vitisho vikamfuata safarini. Mengine nayapita haraka: aliugua kitandani kuanzia 1839 hadi 1844, akapona, akajenga nyumba yake Ambleside, akasafiri Misri akapanda Mto Nile. Kwa gazeti la Daily News aliandika tahariri zaidi ya 1,600. Mwaka 1855 aliambiwa moyo wake umechoka, akaharakisha kuandika maisha yake, kisha akaishi miaka 21 zaidi. Alifariki Juni 1876, miaka mitatu baada ya kufungwa soko la watumwa la Mkunazini, ambalo kutoka Forodhani unafika kwa miguu.

Mashine zangu nilizitoa kabatini muhula huu. Wiki za kwanza ni adhabu, wallahi. Zinakuza kila kitu, jenereta pamoja na shoga yako, na kichwa kinauma mpaka ubongo uzoee kuchambua. Ijumaa iliyopita tulikaa ukutani na urojo wetu, wenzangu wakaangua kicheko, sikukipata kilichosemwa. Nikamwambia mmoja arudie. Akarudia, pole pole, amenitazama.

Hata hakikuchekesha.